Kitabu Kilichoingia kwa Masikio

Tangu asubuhi Bibi alikuwa na woga. Alikaa benchi la nyuma darasani, magoti yamebanwa chini ya dawati la watoto, mkoba ameukumbatia kifuani kana kwamba kuna mtu anataka kumpora, macho yote kwa mjukuu wake kule mbele.

Mjukuu huyo walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia habari za njiani, chai inapoa, na anayesikiliza anashika mbavu kwa kucheka. Lakini mpe kitabu uone! Sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Alishamwambia Bibi kwamba herufi hazitulii. Ukizitazama zinasukumana kama watu kwenye foleni ya bomba.

Siku hiyo wazazi walikuwa wamealikwa kusikiliza watoto wakisoma. Mwalimu mkuu alishatangaza kwamba atakayeshindwa kusoma ukurasa mmoja atashushwa darasa, akakae na wadogo. Na Chiriku alishasema lake asubuhi ile, akifunga viatu, bila hata kuinua uso.

"Nikishushwa, Bibi, mimi na shule basi. Nitaondoka, na hamtanipata."

Mtoto anayecheka kutwa akisema neno kama hilo bila kucheka, damu inakuganda.

Mama yake Chiriku alikuwa akifua mashuka hospitalini na kurudi yu hoi, kwa hiyo masomo ya nyumbani yalikuwa ya Bibi. Naye Bibi alikuwa fundi cherehani. Kusoma anajua, ingawa polepole, midomo ikicheza. Basi alikuwa akiegemeza kitabu kwenye cherehani, anasoma sentensi huku anakanyaga pedali, na Chiriku anairudia kwa mdundo uleule. Mtoto alidaka kila kitu. Kitabu kizima kilimwingia kwa masikio, na Bibi akajipa moyo kwamba maneno yakishakaa kichwani, macho yatayafuata yenyewe.

Macho hayakufuata. Lakini kufikia hapo Bibi alishatangaza kwa mwalimu na kwa mama mtu, "Chiriku anasoma sasa, anatiririka!" Mama mtu alilia kwa furaha, pale pale mlangoni, na sare ya kazi mwilini. Utamwambiaje mtu aliyelia namna ile kwamba bado?

"Chiriku, njoo mbele," mwalimu aliita. Alikuwa binti mdogo, mpole wa sauti.

Chiriku alisimama, akafungua kitabu, akaanza. Akatiririka kama maji! Sauti ilipanda na kushuka mahali pake, pumzi akaivuta palipostahili. Wazazi wakatazamana kwa kupendezwa. Mama mmoja akamgusa Bibi begani.

"Hongera, mama. Hapo una mtoto."

Bibi hakumgeukia. Alikuwa ameuona mguu. Mguu wa kulia wa Chiriku ulikuwa unakanyaga sakafu taratibu, juu chini, juu chini, kama uko kwenye pedali. Na mwalimu naye alikuwa anautazama.

"Vizuri sana," mwalimu alisema. Akasogea, akafunua kurasa kadhaa mbele. "Hebu nisomee na hapa."

Ukurasa ule haukuwa na picha, na picha ndizo zilizokuwa zikimwonyesha Chiriku yuko wapi. Alitazama chini, akatazama juu, akamtafuta Bibi kwa macho. Kisha akabahatisha, akaanza habari ya mvua na daraja.

"Mvua gani?" mtoto mmoja alidakia. "Hapo wako sokoni!"

"Anasoma hewa!" mwingine akasema, na darasa zima likaangua kicheko.

Kitabu kilianguka. Chiriku akatoka mbio.

Bibi alitaka kunyanyuka, magoti yakagoma kutoka chini ya dawati. Kijana aliyekaa jirani, baba wa mtoto mwingine, aliinua dawati lile kwa mikono miwili ili apite. Nje uwanja ulikuwa mtupu. Bibi alikwenda vyooni, akaita, hakuna. Akazunguka nyuma ya tangi la maji, hakuna. Maneno ya asubuhi yalikuwa yanamrudia kichwani: hamtanipata. Ndipo alipoona lango la shule liko wazi, na ng'ambo ya lango kuna barabara ya malori.

Honi ililia, ndefu. Breki zikapiga yowe.

Bibi alisimama pale pale, hakutaka kwenda kuona. Mkoba ulimponyoka.

"Mama! Mama, huku!"

Alikuwa mlinzi wa lango, mzee mrefu mwenye koti lililofifia, akimpungia mkono kutoka kwenye kibanda chake.

"Lile lori linagombana na mbuzi. Wako yuko humu. Nilimwambia nimechoka, anishikie lindo kidogo. Mlinzi haachi lindo, si unajua?"

Ndani ya kibanda Chiriku alikaa kwenye kiti cha mzee, kofia ya ulinzi imemshuka mpaka puani, machozi yakitiririka chini ya kofia. Bibi alimshika, akampapasa mabega na mikono, kama mtu anayekagua mzigo uliodondoka garini.

"Mke mwenza," alimwita kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "ungeniacha na nani?"

"Nimekuaibisha."

"Wewe? Aliyekufundisha kudanganya ni mimi."

Mwalimu aliwafuata akihema, kitabu mkononi. Bibi alijua sasa ni sasa. Akamweleza yote, cherehani na pedali na uongo wake, huku akingojea kufokewa.

"Kitabu kizima?" mwalimu aliuliza. "Kwa masikio?"

"Kizima, mwanangu."

"Mimi mwenyewe siwezi." Akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Herufi zinakuchezea, sivyo? Hata mdogo wangu zinamchezea. Inaitwa disleksia."

Bibi aliposikia jina lile alishika mlango wa kibanda. "Inaua?"

"Haiui, mama. Mtoto ana akili zake zote, ila kusoma kwake kunahitaji njia nyingine. Sauti moja moja, aandike kwa kidole mchangani huku anaitamka. Mitihani asomewe maswali. Na asishtukizwe mbele ya watu, kama nilivyomfanyia leo. Nisamehe, Chiriku." Kisha akashusha sauti. "Lakini mkuu amekisikia kicheko kile, naye anataka kumsikia mwenyewe kabla hajaamua. Nimemwomba iwe ofisini, bila watu."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilinuka chaki na karatasi. Mkuu alitoa kitabu ambacho Chiriku hajawahi kukiona, akakifungua bila kuchagua. Mwalimu alikata tundu jembamba kwenye kipande cha boksi, akakilaza juu ya ukurasa, ukabaki mstari mmoja tu.

"Usiharakishe," alimwambia.

Chiriku aliweka kidole. Hakuna kilichotoka.

"Bibi," alinong'ona, "nisaidie."

Bibi alikuwa ameshaliona neno la kwanza. Mkuu alikuwa anafuta miwani. Bibi angeweza kulisukuma kwa midomo tu, bila sauti, na mtoto angelidaka. Akauma ulimi. Hajawahi kunyamaza kwa shida kama ile.

Chiriku alianza. Sauti moja, kisha nyingine. Alikosea, akasimama, akarudi nyuma mwenyewe. Jasho lilimtoka puani. Mstari ule ulikuwa mrefu kama safari, lakini akaufikisha mwisho, na wa pili, na wa tatu.

"Umeelewa nini?" mkuu aliuliza.

"Kuna mtu kapoteza ng'ombe anamtafuta kwa jirani," Chiriku alisema, "na jirani anajifanya hajamwona. Mimi namwona huyo jirani mwizi."

Mkuu alivaa miwani polepole, labda kuficha tabasamu. Alimtazama Bibi, akamtazama mwalimu.

"Abaki darasani kwake," alisema. "Tutamwangalia muhula huu. Sitaahidi zaidi ya hapo."

Bibi alishukuru. Muhula ni mfupi, na mama mtu bado hajui lolote. Alinyoosha mkono amchukue mtoto waende.

Chiriku hakuinuka. Alikuwa ameteremsha kile kipande cha boksi hadi mstari uliofuata, kidole juu yake.

"Ngoja, Bibi," alisema. "Nijue kama atampata."