Makofi kwa Aliyepona

"Dada, unanisuka au unaning'oa?"

Msusi aliuachia ule msuko. Vidole vyake vilikuwa vimenenepa tena. Vilizoa nywele fungu zima pale alipotaka nyuzi chache tu. Kabla hajaomba radhi, mteja alikwisha kuhamia kiti cha pili.

"Niachie mimi, wifi," alisema mke wa kaka yake, mwenye saluni. "We nenda hospitali. Ukiendelea hivi utanibakizia wenye vipara tu." Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Mwaka uliopita walimpasua kupitia puani, wakatoa uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ule uliomkuza mikono, miguu na taya akiwa mtu mzima na wajukuu wake. Kesho yake wakampima damu. Daktari akaingiza majibu kwenye kompyuta iliyokuwa na hesabu ya kutabiri nani atapona, akatabasamu. "Mama, kati ya kumi kama wewe, tisa hupona moja kwa moja. Hesabu imekukubali." Msusi alilia kwa furaha. Alimwamini yule kijana kuliko watoto aliowazaa.

Sasa aliweka mikono juu ya meza ya daktari huyo.

"Inarudi, daktari. Pete haipiti. Kichwa kinagonga, na macho nayo yameanza ukungu."

Daktari aliinuka, akafunga mlango. "Majibu ya damu nimeyaona. Homoni imepanda kweli. Lakini kesho tunazindua hesabu yetu mbele ya wafadhili, na wewe ndiye mgonjwa wetu wa mfano. Nikisema leo umeugua tena, nitaweka wapi uso wangu?"

"Na mimi macho yangu niyaweke wapi? Si ulisema tisa? Basi mimi ndiye wa kumi!"

"Wa kumi asionekane kesho tu, mama. Panda jukwaani, inua mikono, shuka. Kisha nenda dirisha la dawa uchomwe sindano. Nitakuwa nimewaambia. Nakuahidi kama mwanao."

Sindano hiyo ndiyo ingeuzuia uvimbe usimle macho. Hospitali iliipata bure, lakini iliwapa wale tu ambao hesabu ilitabiri hawatapona kwa kupasuliwa tu. Madukani bei yake haikushikika. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alipanda jukwaani.

"Tazameni mikono ya mtu aliyepona!" alinguruma mshereheshaji. Msusi akainua mikono. Ukumbi mzima ulisimama. Wifi yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na mgeni mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi.

Aliposhuka, hakungoja hata soda. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Sindano?" Mfamasia alimtazama kwa mshangao. "Mama, si umepona? Nimekupigia makofi sasa hivi mpaka viganja vikawaka moto!"

"Daktari amesema amekuambia."

"Sijaambiwa na mtu. Huyo hapo anakuja, ngoja nimuulize." Mfamasia alichungulia nje ya dirisha. "Daktari! Mama huyu anataka sindano."

Daktari alikuwa akiwatembeza wafadhili. Tabasamu halikumtoka. Alimwekea Msusi mkono begani.

"Huyu? Huyu amepona kabisa. Wakishazoea kutunzwa, kutuaga kunawawia vigumu."

Wageni walicheka kwa upole.

"Muongo!" Msusi alipayuka. "Muongo mkubwa wewe! Jana umeniambia mwenyewe homoni imepanda! Umeniahidi kama mwanangu!"

"Furaha imemzidi," daktari aliwaambia wageni. "Mpeni maji, mkalisheni kivulini."

Yule mgeni aliyelia ukumbini akamsogelea Msusi, akaishika mikono yake yote miwili, akaigeuza huku na huku, akaisifu jinsi ilivyo na nguvu. Msusi alijaribu kuichomoa. Mgeni hakuiachia; alikuwa akimwita mpiga picha. Nyuma ya kioo, mfamasia alimwita anayefuata.