Sanduku Lisilovuja

Sipendi fundi anayesingizia mbao. Kiungo kikilegea, kosa ni la mkono wako, usiniletee habari za mninga mbichi. Ndivyo nilivyowafokea wavulana kwa miaka minane katika karakana ya shule moja ya bweni, nje kidogo ya Mtawanya, walikoletwa na mahakama kwa makosa ya utotoni ili watoke na ufundi. Waliniogopa, nami nilipenda kuogopwa. Leo nataka kusema kosa la mkono wangu mwenyewe, na sitasingizia mbao.

Utaratibu wa kutoka ulikuwa hivi. Mvulana akimaliza mwaka, alitengeneza sanduku la mninga peke yake, kona zimeshikana kwa meno, bila msumari hata mmoja. Mimi nililijaza maji, nikaliacha juu ya benchi kavu kwa muda wa kuswali rakaa nne. Likivuja, alibaki mwaka mwingine. Lisipovuja, Bwana Meneja alimwandikia barua ya ruhusa. Bwana Meneja, Mzungu mpole asiyejua randa wala patasi, hakuja kutazama hata siku moja. Alichukua neno langu.

Mwaka 1951 zamu ilimfikia Selemani wa Msimbati, mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliyeiba kamba kwenye ujenzi wa bandari. Sijapata kufundisha mkono kama ule. Mwezi wa Juni akaja mjomba wake, Mussa, kwa miguu, na mfuko wa korosho begani. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto.

"Fundi Athumani," akasema, "mwezi ujao tunaingiza watoto jandoni. Rika lote la Selemani linaingia. Ntoto huyu akikosa safari hii, jando jingine mpaka miaka miwili. Atabaki nsungo, na ndevu zinamwota."

Hakuwa na haja ya kunieleza. Niliolala nao jandoni ndio ndugu zangu hadi leo, na asiyepita huko, nsungo, hachinji hata kuku, wala haketi wanaume wanapozungumza. Nikamjibu kwamba sanduku likishika maji, mtoto atatoka. Korosho nikazipokea.

Shida yangu ilikuwa madawati. Bwana Meneja alikuwa ameahidi madawati sitini kwa shule mpya ya mjini, yawe tayari mwisho wa Agosti, na mimi niliahidiwa cheo cha fundi mkuu yakitimia. Katika wavulana ishirini na wawili, aliyeweza kukata viungo vya kuaminika alikuwa Selemani tu.

Alileta sanduku lake Jumatatu asubuhi, nikamwambia asubiri nje. Nikamimina maji. Nikapitisha kidole kwenye kila kona, nikakitazama. Kikavu. Nikasubiri tena, mara mbili ya muda wa kawaida. Naona aibu kulisema hili, lakini nilisimama pale nikaliombea sanduku la mtoto livuje.

Halikuvuja. Nikachovya kitambaa majini, nikalilowesha benchi kwa mkono wangu, kisha nikamwita.

"Unaona?" nikamwonyesha.

Aliinama, akazitazama kona kwa muda mrefu. "Ipi, fundi?"

"Ya nyuma. Umekata kwa haraka."

"Nisamehe, fundi. Nilikuwa nawaza nyumbani."

Angebisha, ningemzaba kofi na pengine ningepata nafuu. Hakubisha. Alirudi kwenye madawati akakata viungo taratibu kuliko mwanzo, akivikagua mara mbili mbili. Mussa alikuja kumchukua, akarudi Msimbati peke yake. Madawati yakatimia, nikapewa cheo na nyumba ya bati. Sanduku nililificha chini ya kitanda, maana nilijaribu kulivunja nikashindwa.

Selemani alitoka mwaka uliofuata, na jando akalisubiri mpaka 1953. Alilala na watoto wa miaka saba, minane, yeye kijana wa miaka kumi na mitano, miguu ikipita nje ya mkeka. Alinisimulia mwenyewe siku alipokuja nyumbani kwangu, kanzu mpya, kichwa kimenyolewa. Alisimulia huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

"Karibu, Selemani," nikasema.

"Si Selemani tena, fundi. Unajua kwetu mtu akitoka jandoni anachukua jina jipya. Mjomba alitaka nichukue la babu. Nikasema hapana, nataka la mtu aliyenifundisha kutofanya kazi kwa haraka. Sasa naitwa Athumani."

Niliinuka, nikaingia chumbani, nikalivuta lile sanduku. Nikaliweka mezani mbele yake, nikalijaza maji ya mtungi hadi ukingoni. Mninga uliokaushwa vizuri hausinyai. Alilitambua mara moja, na alielewa ninachofanya, kwa sababu alisogeza kiti akazikazia macho kona. Muda wa rakaa nne ulipita, ukapita tena. Akapitisha kidole kwenye kona ya nyuma, akakitazama, akakifuta kwenye kanzu ingawa kilikuwa kikavu.

"Kwa nini, fundi?"

"Madawati," nikasema.

Hakunitukana. Alimwaga maji uani, akalifuta sanduku lake, akalibeba. Alipofika mlangoni nikamwomba aende kwa mjomba wake, alichukue jina la babu.

"Jina la jando halibadilishwi," akasema. "Wewe unajua."

Siku hizi ninakaa mtaa wa Rahaleo, mjini, naye ana karakana yake nyumba nne kutoka kwangu. Watu wa mbali hunikuta barazani wakaniuliza anakaa wapi Athumani, yule fundi mwaminifu. Nami nawanyooshea mkono, nawaambia nyumba ya nne.