Baluni Yenye Masharubu ya Nyangau

Mwaka wa sabini na mbili mume wangu alisimamishwa juu ya mlingoti katikati ya soko la Kebirigo, akiwa na masikio mawili ya sungura na masharubu ya wino. Aliyemsimamisha hapo hakuwa mimi. Shida yangu ilianzia hapo, kwa hivyo na mimi naanzia hapo.

Mume wangu ni Nyangau, fundi wa baiskeli. Alifanyia kazi kwenye baraza ya duka moja, bega kwa bega na Josiah fundi cherehani, mtu aliyeshona suruali chache na habari nyingi. Mimi nilikaa ng'ambo ya njia nikiuza baluni. Muulize yeyote wa umri wangu, atakwambia baluni za Kebirigo zilianzishwa na Esnah. Nilizitoa Kisii mjini kwa Mhindi, zikiwa zimelala bapa kwenye bahasha, na kabla yangu mtoto wa Kebirigo alichezea kibofu cha mbuzi na akashukuru.

Nilikuwa nakata gogo la mgomba, urefu wa mtu mzima asiyejivuna, nalisimamisha ndani ya debe la udongo. Kisha nachomeka vijiti kila upande. Mgomba ni laini, kijiti kinaingia bila kubembelezwa, na maji yake yanakishika kisiyumbe. Kwenye ncha ya kila kijiti nafunga baluni kwa uzi, nyekundu juu, njano katikati, buluu chini. Ukitokea upande wa kanisani unaona mti umezaa matunda ambayo Mungu alikuwa bado hajayafikiria.

Kupuliza kulikuwa kwa Nyangau. Kila Alhamisi asubuhi, kabla hajafungua sanduku lake la spana, alikaa kando yangu na kupuliza kwa mdomo mpaka mashavu yanakuwa kama mandazi. Akimaliza moja ananipa, mimi nafunga. Hatukuongea. Yeye mdomo wake ulikuwa na kazi, na mimi nilikuwa na uzi kati ya meno. Wake wa wenzake waliandikiwa barua kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa na pumzi ya mtu ikining'inia sokoni mchana kutwa, na nilitosheka.

Ndipo akaja Nyanchera.

Alikuwa msichana wa Ekerenyo, amekaa Kisumu kwa shangazi yake miaka mitatu, akarudi na viatu vya kisigino na boksi zima la baluni ambazo hata Mhindi wangu hakuwa nazo. Zilikuwa na masikio. Nyingine zilikuwa ndefu kama kiwavi, anazikunja zinakuwa mbwa. Alizikatia miguu ya karatasi ngumu zisimame mezani, na kwa kalamu ya wino alizichora sura: ya chifu, ya mwalimu mkuu, ya mama anayepiga chafya. Watu walicheka hata kabla hawajafika karibu. Mimi baluni zangu zilikuwa mviringo. Mviringo tu, pande zote.

Hilo ningelivumilia. Lakini Alhamisi ya pili nilifika nikakuta Nyanchera hauzi tena mezani. Ana gurudumu la baiskeli limelazwa juu ya mlingoti, baluni zimefungwa kulizunguka lote, na upepo ukipita gurudumu linazunguka polepole na zile sura zinakuja kukuangalia moja baada ya nyingine. Gurudumu hilo nililijua. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba yetu Manga tangu nilipoolewa, na mara mbili nilikuwa nimeomba lifanywe kiti cha kuku kutagia nikaambiwa halifai kwa lolote.

Nilimwuliza Nyangau. Akasema msichana wa watu aliomba. Na asubuhi ileile nikaona anavuka kwenda kwake na pampu. Baluni za masikio, akanieleza, mpira wake ni mgumu, hazifunguki kwa mdomo. Mimi nimepewa mashavu miaka miwili, yeye anapewa mashine.

Josiah aliniita kunipima gauni ambalo sikuwa nimeagiza. Bila kuinua macho kwenye sindano akaniambia kwamba mwanaume akishamjengea mwanamke gurudumu, kilichobaki ni nyumba. Nikamwambia ashone. Lakini neno lilikuwa limeingia, na halikutoka. Niliogopa kitu kimoja tu, nacho nakisema wazi: kwamba Nyangau angemleta yule msichana Manga awe mke wa pili, na jioni niwe naangalia moshi wa jiko lingine ukitoka kwenye boma langu. Sisi ni Wasabato, kanisa lingemfuta jina. Lakini nilikuwa nimewaona wanaume waliofutwa jina, na walinenepa.

Wiki iliyofuata ndipo Nyanchera alipochora ile baluni. Masikio mawili, masharubu yaliyoshuka pembeni, pengo la jino la juu. Soko zima lilimjua. Nyangau mwenyewe alisimama mbele yake akajishika masharubu na kucheka, na gurudumu likamzungusha yule wa baluni akaenda, likamrudisha. Kila alipogeuka upande wangu nilikuta ananiangalia akiwa huko kwa mwingine.

Basi nikaanza kuchunguza. Nyanchera alikuwa na mkebe, mkebe wa kawaida wa mafuta ya kupikia, anautia kitambaa, anasugua baluni, na baluni inang'aa. Na jioni moja ya Jumatano nikamwona Nyangau kwa macho yangu akimpelekea mkebe huo umejaa. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mama mkwe maziwa.

Nikasema moyoni, ndiyo hiyo siri yao, wanapaka mafuta. Na hapo nilicheka, mara ya kwanza kwa mwezi. Kwa sababu mimi ni wa Tabaka. Baba yangu alikuwa mchongaji wa mawe yetu yale laini, na tangu nikiwa na meno ya maziwa nilijua kwamba jiwe likishasuguliwa kwa maji, haling'ai mpaka lipakwe mafuta na kufutwa, lipakwe na kufutwa, mpaka uone kidole chako ndani yake. Nimeng'arisha viboko, bakuli, vinara na tembo wasio na idadi. Huyu wa Kisumu atanifundisha nini?

Kitu kimoja tu kilinisumbua siku hizo, nacho nilikiona kidogo. Nilikuwa na nusu gunia la unga mweupe wa mawe, ambao baba alinipa wa kupaka ukuta, na gunia lilikuwa linapungua. Nikawalaumu kuku. Kuku hupenda kujigaragaza kwenye vumbi.

Ikaja Jamhuri. Mkuu wa tarafa angehutubia pale uwanjani kando ya soko, na shule zote zingekuja na kwaya. Nilimwambia Nyangau siku hiyo asinipulizie, nitapuliza mwenyewe. Alikuwa ameshakaa, ameshaandaa mdomo. Akasimama, akafunga mdomo, akaenda na pampu yake ng'ambo.

Nilipuliza baluni arobaini. Kufikia ya ishirini niliona Kebirigo mbili. Kisha nikatoa samli yangu na kitambaa cha pamba, nikazisugua kivulini moja moja, nikapaka na kufuta, nikapaka na kufuta, kama kwamba baba amesimama nyuma yangu. Nilipozichomeka kwenye gogo, watu walikuja wenyewe. Nakuambia zilimeta kama viatu vya polisi. Mama mmoja alisogeza uso akajitengeneza kitambaa cha kichwa kwenye baluni yangu nyekundu. Wanawake waliokuwa wamezunguka gurudumu la Nyanchera wakaanza kuja kwangu, wawili, watano, kumi. Nyangau alikuwa ng'ambo, pampu imelegea mkononi, anatazama mti wangu. Mimi nikajifanya simwoni. Ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote nilizopewa duniani.

Kisha wingu likaondoka kwenye jua.

Ya kwanza ilipasuka mkuu wa tarafa akiwa anasema neno umoja. Watu walidhani ni sherehe. Ya pili na ya tatu zikafuatana, na askari mmoja akachutama nyuma ya kiti cha mheshimiwa. Halafu zikaachia zote, juu mpaka chini, nyekundu, njano, buluu, pa, pa, pa, kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti, ng'ombe wa mtu akakata kamba akapita kwenye nyanya. Mimi nilisimama hapo na kitambaa changu cha samli. Ilipokwisha, gogo lilikuwa limebaki na vijiti na vipande vya mpira, kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Ndipo soko lote likacheka, na mheshimiwa naye akacheka, baada ya kuhakikisha yuko mzima.

Nyangau alivuka njia mbio, pampu mkononi, kama kwamba kuna pancha ya kuziba. Alipofika akabaki anahema. Nyanchera alikuja nyuma yake. Yeye hakucheka, namkumbukia hilo. Aliokota kipande cha baluni, akakivuta kikakatika kama ugali, akanusa vidole.

"Moka Nyangau," akaniambia, maana kwetu mke huitwa kwa jina la mumewe, "ulipaka mafuta? Mafuta yanaozesha mpira. Kwenye jua ndiyo kabisa."

"Mbona wewe unapaka?"

Akaenda akaleta mkebe wake, akaufungua mbele yangu. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na unga mweupe, laini, na nilipouweka kati ya vidole niliujua kabla sijauangalia. Ulijaa mikononi mwa baba yangu kila siku ya utoto wangu. Nyanchera akanieleza kwamba unazuia mpira usigandane, na ukifutwa kwa kitambaa kikavu unang'aa wenyewe. Nikamwuliza aliyempa. Alimwangalia tu Nyangau, na Nyangau akaangalia gurudumu.

"Si ulikuwa unalalamika unajaza nyumba," akasema.

Mafuta ya kwangu na unga wa kwangu. Nilikuwa nimeshindwa na vumbi la nyumbani kwetu, limetolewa na mume wangu kwa mikono miwili. Sikulia. Nilivuka njia mpaka kwenye gurudumu, nikalizungusha mpaka masharubu yalipofika mbele yangu, nikafungua uzi. Baluni ikatoa ile sauti ya aibu, sura ikakunjamana, masharubu yakaingia kwenye pengo, na Nyangau wa Kisumu akawa kitambaa kidogo mkononi. Kisha nikageuka nikamwuliza Nyangau wa Manga, mbele ya watu wote, kwa sababu nyumbani angeniambia amechoka.

"Huyu unataka kumleta nyumbani?"

Cherehani ya Josiah ilisimama. Nyangau alifikiri, na alifikiri muda mrefu. Katika muda ule mtu angejaza gurudumu la mbele na la nyuma.

"Niliwaza," akasema. "Siku mbili tatu hivi."

Mume wangu ana makosa mengi, lakini uongo haumpati vizuri. Na kabla sijafungua mdomo, Nyanchera akamgeukia, mikono kiunoni, sauti ya chini kabisa.

"Na mimi mbona hukuniambia, mzee wangu, nikatae mapema?"

Mzee wangu. Nyangau alikuwa na miaka thelathini na mbili. Josiah alicheka mpaka akajichoma sindano, na sijawahi kufurahia kidole cha mtu kama siku ile. Baadaye tulisikia kwamba Nyanchera alikuwa na mchumba Ekerenyo, karani wa chama cha ushirika, mrefu, mwenye meno yote.

Mimi sikungoja maelezo. Nilimnyang'anya Nyangau pampu, nikafungua ule mpira wake mfupi wa kupitishia hewa, nikautia kifuani chini ya gauni. Pampu bila mpira ni chuma tu. Nikamrudishia chuma.

Tangu siku hiyo, kila baiskeli iliyofika kwake, yeye alivuka njia kuja kwangu na kunyoosha mkono. Nilimwuliza ya nani. Ikiwa ya mwanaume, nilitoa mpira. Ikiwa ya mwalimu wa kike au nesi, nilivuka naye. Nyanchera naye alikuja, ilimbidi, na nikamwambia masikio yake atayajazia hapa kwangu, nikiwa nimekaa, na unga atanunua kwa kunifundisha kuchora sura. Alikubali. Tukaweka gurudumu juu ya gogo langu, na hakuna soko Nyamira nzima lililokuwa na kitu kama kile. Alipoolewa alinisalimu kwa machozi. Nikamjibu kwa machozi, huku nimeshika kifua kuona kama mpira upo.

Msidhani wivu uliisha. Nyangau sasa haoni vizuri, fimbo moja na miguu miwili migonjwa, na baiskeli ya mwisho aliitengeneza zamani. Wiki iliyopita alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi, ule mpira wa pampu niliuweka wapi.

Miaka yote hiyo. Nikamwuliza anataka kumpulizia nani.