Hatua Saba za Rangi ya Kijani

Kufikia saa moja asubuhi Mwanatatu alikuwa ameshafagia nusu ya kiwanja, na kaburi la uongo alikuwa ameshalimaliza. Mawe kumi na manne ya matumbawe, kitambaa cheupe kwenye kijiti, chetezo cha udi kikifuka. Chini yake hamkuwa na mtu. Siafu, labda.

Mwaka wa kumi na tisa huo akikifagia. Ndicho kiwanja cha pekee walichobakiwa nacho watoto wa mtaa ule wa Shika Adabu, na juzi alisikia kimeshakatwa ploti. Vigingi vilikuwa vije leo.

Vikaja saa tatu, kwenye pikapu, pamoja na afisa wa mipango, Bwana Gona, tumbo mbele, ramani kwapani. Vibarua wakashuka na nyundo. Walipokiona kitambaa, nyundo zikateremshwa chini polepole.

"Shikamoo, mama," alisema Gona. "Hapa kazikwa nani?"

"Marahaba, baba. Sharifu."

"Sharifu gani?"

"Mwenyewe hapendi kutajwa kabla ya adhuhuri. Wa mwisho kumtaja, mdomo ulimwenda upande. Lakini wewe msomi, mtaje tu."

Boga, kibarua, Mdigo wa papo hapo, alikuwa ameshavua ndara. "Bosi, mie hapa sipigi nyundo. Nina watoto."

"Kwenye ramani hamna kaburi," alisema Gona.

"Ramani ndiyo ile mliyotuletea mkutanoni? Mkatwambia mji wakua, ikifika mwaka elfu mbili na kumi hapa patakuwa na bembea, na viti, na miti ya kivuli?"

"Ndiyo hiyo. Imerekebishwa."

"Na nani?"

"Na mpango."

"Kumbe mpango una mikono."

Gona hakucheka. Naye alikuwa mtu wa pwani, kazaliwa Kaloleni, na kaburi hakuwa tayari kulikanyaga. Akarudi kwenye pikapu, akafunga mlango, akainamia makaratasi. Nusu saa nzima. Mwanatatu akaanza kuimba chini kwa chini, akijua kashinda.

Mlango ukafunguliwa.

"Serikali yaheshimu wafu," alisema Gona. "Pimeni hatua saba kulizunguka kaburi, muache. Kwengine kote pigeni vigingi."

Akatandaza ramani juu ya boneti, akatoa penseli ya kijani, akapaka kidoa kama punje ya choroko.

"Sheria yataka kila mtaa ubakishiwe mahali pa wazi. Hapa tulikuwa tumekwama kidogo. Umetusaidia sana, mama."

"Na watoto watacheza wapi?"

"Makaburini wasicheze. Si vizuri."

"Na mimi?"

"Hatua saba hazihitaji mfagiaji."

Vibarua wakang'oa milingoti ya goli, wakaitupa kwenye pikapu. Mwanatatu akafungua mdomo aseme kwamba mle hamna mtu. Akaziangalia zile hatua saba. Akisema, hata hizo zitaota nyumba. Akaufunga.

Boga akamjia, ndara mkononi, uso umemsawijika. "Mama, niombee kwa huyu sharifu. Wallahi mie nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Nyote mmetumwa."

Wakainua viganja. Mwanatatu akaomba dua ndefu, bila haraka, Boga akiitikia amin, na alipofika pa kumtaja marehemu, akakitaja kiwanja.