Kitufe Ndani ya Ngozi ya Gia

Wazazi wenzangu wenye vijana wanaouza magari, someni hii mpaka mwisho, kisha mwiteni kijana akae chini mmsomee. Haya yalimpata mama mmoja aliyejiona ana macho makali.

Mama huyo alikuwa mshonaji wa viti vya magari na makochi. Alikuwa na kijana mmoja tu, fundi magari, watu wakimwita Spana. Spana alikuwa na gari la Kijapani la mbio, la milango miwili, rangi ya buluu, lenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu. Alilinunua likiwa gofu, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, akalifufua pole pole: leo springi za kulishusha, baadaye bomba la moshi, baadaye tena turbo kubwa kuliko ile lililozaliwa nayo. Mafuta ya injini aliyabadilisha kabla hayajapata kuchafuka. Akiliosha, alikausha hata ndani ya kifuniko cha tangi. Majirani wakaliita Bi Harusi, maana halikutoka nje bila kupambwa.

Mama alilichukia gari lile na kulipenda hapo hapo. Kila liliponguruma barabarani, mguu wake uliacha pedeli ya cherehani, akatega sikio mpaka lisimame mlangoni. Lakini yeye ndiye aliyelivika, viti, milango, hadi kava la ngozi la gia. Na ndani ya ngozi hiyo ya gia alishonea kitufe. Injini ikishazimwa, hata uwe na ufunguo, bila kubonyeza kitufe hicho haiwaki ng'o. Walikijua watatu tu: mama, Spana na Pacha.

Pacha hakuwa wa tumbo lake. Alikuwa fundi mwenzake Spana na rafiki yake tangu wakiwa na kamasi puani, na kwa jinsi walivyofuatana watu wakampa jina hilo. Alikula pale, aliuguzwa pale, na alimwita mama "Mama" bila kuongeza neno. Hata mlango wa nyuma, ule uliolegea bawaba ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufungike, aliufunga kama mtu aliyezaliwa nao. Turbo ya Bi Harusi waliifunga pamoja, bolti kwa bolti.

Sasa Spana akapata chumba cha kufungulia gereji yake mwenyewe. Mwenye chumba alikubali kungoja mpaka Bi Harusi auzwe, lakini siyo sana. Gari lisipouzwa, hakuna gereji, na Spana angeendelea kulala chali chini ya magari kwenye gereji ya mtu mwingine.

"Na Pacha je?" mama aliuliza.

"Tutakuwa nusu kwa nusu. Ila usimwambie, Mama. Nataka aone jina lake ukutani kwanza."

Mama akashona ovaroli mbili, akazificha chini ya kitambaa cha cherehani. Ya Pacha aliiongeza mikono, kwa sababu Pacha alikuwa na mikono mirefu ya kufikia bolti ambazo wengine hawazifikii.

Tangazo alilirusha Pacha mtandaoni. Wanunuzi wakaja, wengine wa kupiga picha tu na kuondoka. Spana alikuwa na utaratibu wake: gari analiwasha yeye, mnunuzi anazunguka nalo na kurudi, injini haizimwi njiani. Kitufe haonyeshwi mtu mpaka wameuziana.

Mchana mmoja akaja bwana mwenye viatu vinavyong'aa na salamu nyingi. Mama akatoka na futi ya kupimia shingoni, akamkagua toka juu hadi chini.

"Mama, gari ni lako?" bwana akauliza.

"Mimi nimelivisha nguo tu. Mwenye binti huyu hapa."

Bwana akacheka. Spana akamwonyesha kila kitu, akamsisitizia, "Ukitoka kulikimbiza usilizime hapo hapo. Liache lingurume kidogo, turbo ipoe. Ukilizima lina moto unaiua."

Ilipofika kulijaribu barabarani, Spana akashika mlango aingie. Mama akamdaka mkono wa shati.

"Wewe baki. Huyu hujui anavyoendesha. Na aende Pacha."

"Ehe!" Pacha akasema. "Yaani nife mimi, mwanao apone?"

Wakacheka wote, na mama akacheka kuliko wote. Pacha akaingia, Bi Harusi akaondoka akipiga mluzi wake wa turbo.

Alirudi Pacha peke yake, kwa miguu, shati limeloa jasho. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa chini sakafuni, akajifunika uso.

"Amelichukua, Mama."

Spana alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu akachuchumaa, akamshika rafiki yake mabega. "Umeumia? Amekupiga?"

"Sijaumia."

"Basi. Chuma kingine kitapatikana, ndugu yangu. Wewe mwingine hupatikani."

Mama akamwekea chai, sukari nyingi, kama siku alizokuwa akiumwa. Alijilaumu moyoni: yeye ndiye aliyemtuma mtoto wa watu. "Kunywa, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Tulisimama kituo cha mafuta. Akasema nishuke nimnunulie maji. Kugeuka, naona anatimua."

"Kwani injini ilikuwa inaunguruma?" Spana akauliza.

"Hapana, alizima. Tena alikuwa na adabu na gari, aliliacha lingurume kwanza, turbo ikapoa, ndipo akazima. Ndiyo maana sikumshuku."

Mama alikuwa akikoroga chai yake. Kijiko kikasimama.

Pacha, fundi hata kwenye uongo wake, hakuweza kuizima turbo ikiwa na moto.

"Alizima kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa, Mama."

"Halafu akaliwasha."

"Mara moja tu, kama..."

Hakumalizia. Spana aliondoa mikono kwenye mabega yake taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha moto.

"Kitufe alionyeshwa na nani, Pacha?" mama akasema.

"Labda alikipapasa."

"Nilikishonea kwa mkono wangu ndani ya ngozi mbili. Mimi mwenyewe nakitafuta. Nani alimwonyesha?"

Pacha akainuka. Uso wake haukuwa tena wa kulia.

"Gari lile nimelifunga na mimi. Vidole vyangu vimeungulia pale. Lakini mtaa mzima ni gari la Spana, gari la Spana. Kesho gereji ya Spana, na mimi nimshikie taa?"

"Ungeniuliza," Spana akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Na wewe Mama. Ulipochagua nani aende na mtu msiyemjua, ulichagua upesi sana. Ukacheka na kucheka."

Mama akakifunua kitambaa cha cherehani, akatoa ile ovaroli ya mikono mirefu, akaiweka mezani kando ya chai. Mfukoni jina la Pacha lilikuwa limeshafumwa kwa uzi mwekundu.

Pacha aliitazama. Akanyoosha mkono, asiiguse. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na hata katika kukimbia kwake aliuinua kidogo, ukafungika bila kelele.

Polisi walipofika kwake, chumba kilikuwa kitupu. Bi Harusi hajaonekana mpaka leo. Chumba cha gereji kikapewa mtu wa kuuza matairi.

Mama siku hizi likipita gari lenye mluzi ule bado anaacha pedeli, lakini hajui tena anamsikilizia nani. Spana yuko vile vile, chali chini ya magari ya watu. Ovaroli yake ilipochanika aliichukua ile nyingine, akalifumua jina kwa wembe. Mikono inampita, anaikunja. Mama alitaka kumpunguzia, akakataa.