Nakala ya Baba

Septemba ya mwaka 1996 shule yetu ilifungwa wiki tatu kwa ajili ya mavuno ya viazi, kama inavyofungwa kila mwaka huku kaskazini mwa Maine, nami nikajipangia kumaliza insha ya kuombea nafasi ya chuo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na majivuno ya kutosha kugawia mtaa mzima. Fomu nilishajaza, alama zilikuwa nzuri, walimu wawili walishaniandikia barua za kunisifu. Ilibaki insha tu, kurasa mbili za kuwaeleza watu usiowajua, walio katika mji usiowahi kuukanyaga, wewe ni nani.

Niliandika kuhusu viazi. Kuamka alfajiri, baridi, mgongo kuuma, kapu kujaa. Shule zilipofunguliwa nikampelekea Bi Haskell, mshauri wa wanafunzi. Aliisoma huku anatafuna biskuti, akanirudishia.

"Camille, mpenzi, kila mtoto wa kaunti hii anaandika viazi. Wale watu wakifika kwenye yako watakuwa wameshavimbiwa."

"Sasa niandike nini?"

"Kitu kinachouma. Kila nyumba ina kitu kinachouma. Wenzako wa mijini hawaoni taabu kukisema, kwa nini wewe uone?"

Mpaka leo siwezi kumlaumu. Hakuniambia nimuuze mtu. Nilijua mwenyewe, palepale kwenye kiti, nyumbani kwetu kinauma nini, na nilijua pia kwamba kitapata mnunuzi.

Baba yangu, Normand Ouellette, hakujua kusoma. Alitolewa shule akiwa na miaka minane akaokote viazi, na hakurudi tena. Aliendesha lori la ghala la viazi kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyejua. Akipewa karatasi kazini alijipapasa mifuko, akasema, "Aa, miwani nimeiacha nyumbani," kisha akaikunja na kuja nayo. Hakuwa na miwani. Macho yake yalikuwa yanaona kulungu ng'ambo ya mto. Mama ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu, na alipougua mara ya mwisho, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, aliniita kitandani akanikabidhi kazi hiyo. "Umsomee," alisema, "na usimwambie mtu. Hata shangazi yako."

Miaka sita sikumwambia mtu. Barua za serikali, maelezo ya dawa, kadi za Krismasi, vyote nilimsomea mezani baada ya chakula, naye akisikiliza kimya, mikono magotini, kama yuko kanisani. Halafu nikawaambia watu baki, kwa kurasa mbili zilizopigwa kwenye kompyuta ya maktaba, kwa sababu walikuwa na mahali nilipopatamani.

Insha ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bi Haskell alifuta machozi akasema, "Hii sasa ndiyo insha," na siku hiyohiyo akaitia kwenye bahasha pamoja na fomu zangu ili zipelekwe posta kesho yake.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa jikoni anapika ploye, zile chapati za maji za kwetu ambazo hazigeuzwi.

"Umemaliza mambo yako ya chuo?"

"Nimemaliza."

"Umewaandikia nini?"

"Habari za hapa kwetu. Na zako kidogo."

Akageuka, mwiko mkononi. "Zangu? We mtoto, wasomi wale wanataka habari zangu za nini?" Lakini alikuwa anacheka, masikio yamekuwa mekundu kwa haya. "Basi nipe na mimi moja. Niwe nayo tu."

"Nikusomee?" nilimuuliza, nikiwa nimeshapanga mistari ya kuruka.

"Hapana, acha. Utaona haya kunisifia mbele yangu."

Nakala ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kusema sina. Ningeweza kumwambia asubiri kesho, nikamtolea ile ya viazi. Nilimpa ileile, na moyo haukunidunda hata kidogo, kwa sababu nilijua hawezi kuisoma. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hakuna linalonitia aibu kama wepesi wa mkono wangu jioni ile. Aliikunja kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Jumamosi nilikuwa zamu katika mgahawa wa Claudette, nilipokuwa nikihudumia wateja asubuhi za wikendi. Watu wa ghala walikaa meza yao ya dirishani. Baba akaingia amenyoa, amevaa shati la kanisani.

"Normand bwana, leo unaoa?" Gil Cyr alimtania. Gil alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani kila Jumapili, na alikuwa anajua sana kwamba ana sauti.

"Nioe nini! Binti yangu amewaandikia chuoni habari zangu."

"Habari zako? Hata bahasha haikujaa, basi."

"Kurasa mbili, we mzee." Akaitoa mfukoni, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Hebu soma wewe, miwani nimeiacha nyumbani. Soma kwa sauti, na hawa wasikie."

Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nimeshika birika la kahawa. Ningeweza kuliangusha. Ningeweza kupiga kelele. Nilisimama tu.

Gil alisafisha koo, akainua karatasi, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: "'Baba yangu hajui kusoma, na kwa miaka thelathini ameudanganya mji mzima.'" Alizoea kusoma kwa mbwembwe bila kutangulia kutazama, na maneno yalishamtoka kabla hajayaelewa. Akaishusha karatasi. Mmoja wao akacheka kidogo akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Wino wenyewe umefifia," Gil akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Sioni vizuri."

"Endelea," Baba akasema.

"Tutaisoma siku nyingine, ndugu yangu."

"Gil. Nimesema endelea."

Ikasomwa yote. Ile miwani isiyokuwepo, niliyoieleza kwa ufundi ili wageni watabasamu. Ile siku ya mazishi ya Mama, Baba aliposimama mbele ya kanisa zima ameshika kitabu cha nyimbo kichwa chini, na mimi nikamgeuzia. Sentensi zangu nilizojivunia zilipita moja moja mbele ya watu aliofanya nao kazi maisha yake yote, naye akatazama meza mpaka mwisho. Nilitamani anitazame hata kwa hasira.

Gil alipomaliza, Baba alinyoosha mkono akachukua karatasi zake, akazikunja.

"Anaandika vizuri," alisema. "Au siyo?"

"Vizuri sana," Gil akajibu.

Nilisogea kumwongezea kahawa, maana sikujua la kufanya. Akafunika kikombe kwa kiganja.

Mchana nilimkuta uani anapasua kuni. Nilisema, "Baba, nisamehe."

"Kwa kuwaandikia wale? Wale hawanijui, wala siwajui. Kama itakusaidia, sawa." Akaweka gogo jingine, lakini hakulipasua. "Nikuulize kitu. Siku ile jikoni, ulinipa kwa sababu ulijua siwezi kuisoma?"

Nilitaka kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na mzuri kuliko insha yenyewe. "Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, mara mbili, akarudi kwenye kuni zake.

Hakunifokea, si siku ile wala baadaye. Alinipikia, alinipeleka shule theluji ilipozidi, aliniuliza masomo yanaendaje. Baada ya chakula nilikuwa nafuta meza na kukaa, nikisubiri anitolee karatasi nimsomee, lakini hakuitoa. Nilijiambia labda msimu ule barua hazikuja.

Katikati ya Desemba alichelewa kurudi kutoka posta. Aliingia na bahasha kubwa ya chuo, nene, yenye jina langu, na ilikuwa imeshafunguliwa. Akaiweka mezani mbele yangu, akavua kofia, akatabasamu kweli.

"Umekubaliwa," alisema. "Hongera, mwanangu. Gil amenisomea."