Jiwe la Yankel Mbele ya Tume

Tume ilimwita Fruma Waksman Ijumaa, saa nane mchana, mwezi wa Juni. Tume nzima ya bunge, iliyoundwa kuchunguza chuki dhidi ya Wayahudi, na hakuna hata mmoja aliyetazama kalenda! Juni, jua la Melbourne halichelewi kuzama. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama; mishumaa yake lazima iwake kabla ya saa kumi na moja, na baada ya hapo Fruma hapandi gari, hashiki kalamu wala simu. Asingeanza kuivunja Sabato akiwa na miaka sabini na nane ili kumfurahisha mwenyekiti.

Alikuja na karatasi moja, nusu ukurasa. Machi, watu wasiojulikana waliingia makaburini wakalivunja vipande viwili jiwe la kaburi la mumewe, Yankel, fundi viatu. Polisi walikuja mara moja, wakapiga picha, wakafunga jalada. Fruma hakutaka kisasi wala kutokea magazetini. Alitaka jina la Yankel litajwe ndani ya ukumbi ule na liandikwe kwenye kumbukumbu, basi. Picha ya jiwe ilikuwa imezunguka nchi nzima, na hakuna aliyewahi kuuliza ni la nani.

Wabunge wa tume wakaanza wao. Mheshimiwa Radford wa chama tawala aliomba dakika tatu za salamu, akala arobaini. Aliinua picha ya jiwe akasema serikali yake iko bega kwa bega na Wayahudi. Akafuata Mheshimiwa Maddern wa upinzani, akainua picha ileile, akasema serikali imelala usingizi wa pono. Picha yake ilikuwa kichwa chini miguu juu. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Ameigeuza," Fruma alinong'ona.

"Nimeona, Bibi," alisema mjukuu wake Talia, mwalimu, ambaye hakushika Sabato na kila Jumapili alikuwa kwenye maandamano ya kupinga vita, yale ambayo Maddern aliyaita kiota cha chuki. "Nilikwambia usije. Hawa wanataka picha, hawakutaki wewe."

"Na nyinyi waandamanaji, mnanitaka?"

"Usianze, Bibi."

"Sianzi, nauliza tu. Mji huu kila mtu ananisemea, hata wewe."

Saa kumi na robo, shahidi wa pili alikuwa hajamaliza. Fruma alikuwa wa saba. Akanyanyuka akamwendea karani.

"Vumilia kidogo, mama. Nusu saa tu."

"Na jua nalo litavumilia?"

"Basi tutumie kwa kompyuta, karatasi hatupokei. Mwisho wa kupokea ni kesho saa sita mchana."

"Kesho ni Sabato, baba. Kesho siandiki, situmi, sigusi hata hiyo kompyuta yako."

Karani alimtazama kwa upole wa mtu ambaye hajaelewa kitu. "Utaratibu ndio huo, mama."

Fruma alitamani kumtukana. Miezi mitatu alikuwa amesubiri siku hii, akaifuta na kuiandika upya ile nusu ukurasa mpaka akaijua kwa moyo. Alirudi kitini, akamkabidhi Talia karatasi.

"Soma kilichoandikwa. Usiongeze lako hata nukta."

"Mimi, Bibi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Akachukua teksi. Aliwasha mishumaa zikiwa zimebaki dakika nne, na dua yenyewe, kwa hasira, aliisoma kwa kubabaiza. Hilo nalo lilimuudhi.

Jumamosi mchana Talia alikuja kula. Fruma alipakua maharage na shayiri na nyama, vilivyolala motoni tangu jana, akakaa.

"Haya. Ulisoma?"

Talia hakugusa sahani. "Waliniita saa kumi na mbili jioni. Dakika tano. Sijafungua hata karatasi, Maddern akaniuliza kama huwa ninaandamana. Nikasema ndiyo. Akauliza na nani. Radford akadakia, eti mimi ni ushahidi kwamba Wayahudi wenyewe hawakubaliani. Wakaanza kugombana, na mimi nimesimama pale katikati. Kengele ya kumaliza muda ikalia."

"Na jina?"

"Sikufika kwenye jina, Bibi."

Fruma alikata mkate ambao hakuna aliyeuomba.

"Kuna kitu kimoja nilifanya," Talia alisema. "Ile picha walikuwa wameibandika ubaoni, bado kichwa chini. Nilipokuwa natoka nikaibandua, nikaiweka sawa."

"Afadhali."

"Karani akanikimbilia. Akasema vielelezo haviguswi. Akairudisha vilevile."

Fruma aliweka kisu chini. Alikuwa hajalia Machi, polisi walipompigia simu, wala siku alipokwenda kuliona jiwe. Sasa alilia, kwa uchungu na kwa hasira, mbele ya chakula kilichokuwa kinapoa, na Talia akamwacha alie.

"Karatasi unayo?" aliuliza alipotulia.

"Ninayo."

"Soma."

Talia alifuta mikono, akaikunjua. "Mume wangu aliitwa Yankel Waksman," alisoma. "Alishona viatu vya nusu ya mtaa wetu, na kwa vya maskini hakudai malipo..." Akatazama saa ya ukutani, kama aliyezoea kukatizwa.

"Endelea," Fruma alisema. "Hapa hakuna kengele."